Behewa la Tatu

Kabla hajaigusa treni, Kokuberwa aliizunguka meza mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayechagua mbuzi mnadani. Juu ya kitambaa cheupe kilikuwa kimelazwa kichwa cha treni cha kijani, urefu wake kiganja na nusu, na nyuma yake kigari cha makaa na mabehewa matatu ya abiria yenye rangi ya damu ya mzee. Kutu ilikuwa imetafuna magurudumu, vumbi limeganda juu ya mapaa, na kwenye pembe moja panya alikuwa amejaribu meno yake akaghairi. Lakini kila dirisha lilizungukwa na mstari wa rangi ya dhahabu, mwembamba kama uzi, na mstari huo haukuwa umetikisika popote. Kokuberwa akainama, akaupuliza, akaufuta kwa ncha ya kidole. Mtu mzima alikaa akachora hivi, alijisemea, kwa kitu cha mtoto kuburuza sakafuni. Akavuta kiti akakaa.

Tumjue mapema huyu mama. Ni fundi saa wa Tandika, miaka hamsini na miwili, mnene wa mwili na mwepesi wa vidole, na mdomo anao. Kibanda chake kina ubao uliochorwa kabla yeye hajamaliza shule: REVELIAN FUNDI SAA. Revelian ni baba yake, Mhaya aliyeshuka kutoka Bukoba akiwa kijana, akafariki miaka kumi na mitano iliyopita. Ubao haukubadilishwa kwa sababu jina hilo ndilo lililoleta wateja, na wateja wenyewe siku hizi ni wa betri na mikanda tu, maana watu wote saa zao zimehamia kwenye simu. Basi usishangae kwamba treni ilipoingia kibandani aliwaambia wateja wawili warudi kesho, akashusha pazia.

Aliyeileta ni Thuraya, binti wa Mzee Zahor mwenye duka la vitambaa kule Tegeta. Alikuwa akisafisha stoo ya baba yake, akakuta sanduku la mbao, na ndani yake treni, vipande kumi na viwili vya reli, ufunguo, na karatasi iliyoandikwa kwa wino: Revelian, fundi saa, Temeke. Zamani duka la familia lilikuwa Temeke, na treni ilinunuliwa na babu, Mzee Khalil, kwa Mzungu aliyekuwa akifunga virago. Thuraya aliulizia, akaulizia tena, mpaka akaelekezwa Tandika kwa binti wa fundi. Alitaka treni itembee kufikia Jumapili, siku ambayo shangazi yake Khulud angekuwepo, amekuja kutoka Maskati baada ya miaka ishirini.

Hapo ndipo alipoisimulia hadithi ya nyumbani kwao, na aliisimulia huku akicheka. Mwaka sitini na nane Khulud alikuwa na miaka tisa. Treni ilikuwa na siku mbili tu tangu itoke kwa fundi. Akaitia ufunguo, ndani pakalia ta, ikafa. Mzee Khalil aliirudisha kwa Revelian, naye akaitazama, akasema mtoto kazidisha ufunguo. Khulud alichapwa, treni ikafungiwa sandukuni, na tangu siku hiyo akaitwa Mkono wa Chuma. Glasi ikivunjika jikoni, wanasema Khulud kapita. Alipoolewa, kaka zake walimshauri bwana harusi afiche vyombo.

"Mpaka leo shangazi hashiki kitu cha mtu," alisema Thuraya. "Ukimpa mtoto mchanga ambebe, anakunja mikono. Sie tunataka tuiwashe mbele yake, tumtanie kidogo. Baba anasema Khulud akae chumba cha pili."

Kokuberwa naye alicheka. Baba yake alikuwemo ndani ya hadithi, tena kwa heshima zote, fundi aliyetazama mara moja akajua. Thuraya aliomba pia treni ipakwe rangi mpya, ile ya magari, ing'ae. Kokuberwa akamwambia rangi hiyo imevumilia kuliko wao wawili, haiguswi.

Siku ya kwanza alifungua skrubu moja tu. Revelian alikuwa akisema fundi huanza kwa macho, na Kokuberwa alitaka kwanza ajue mgeni wake ni nani na katoka wapi. Chini ya kigari cha makaa maandishi yalikuwa yamefutika, zimebaki herufi nne, LAND, ambazo zaweza kuwa mkia wa nchi tatu au nne. Aliijaribu skrubu kwenye kipimo cha milimita, ikakataa. Akaijaribu kwenye cha inchi, ikaingia bila ubishi. Uingereza, basi. Akapiga picha pande zote, akazituma kwenye kundi la wapenda treni mtandaoni, na asubuhi akakuta jibu la mzee mmoja wa huko, aya nne za furaha. Treni ilikuwa ya karakana ndogo iliyokufa kabla ya Vita Kuu ya Pili. Mistari ilichorwa kwa mkono. Zilizobaki duniani hazizidi vidole vya mikono. Ila mzee alikuwa na swali moja: behewa la tatu mmelitoa wapi? Karakana ile ilikuwa ikiuza treni na mabehewa mawili. Kokuberwa alimwona mzee kachanganya, umri tena.

Sasa kuna desturi ya mafundi saa ambayo wenye saa hawaijui. Fundi akimaliza kazi, kabla hajarudisha mfuniko, huchora kwa sindano upande wa ndani alama yake na tarehe. Mwenye saa ataivaa miaka arobaini bila kujua kwamba amebeba majina ya watu mkononi. Atakayesoma ni fundi mwingine, siku atakapofungua. Revelian alikuwa akichora R, mwezi na mwaka. Binti yake alipoomba naye achore, alimjibu hivi: "Anayechora alama anajiandikia mashtaka. Siku kitu kikiharibika, mwenye kosa anajulikana. Ukiwa tayari kwa hilo, chora." Kokuberwa alidhani anaambiwa mkono wake bado haujafika. Mzee alikufa hajamwambia umefika, na saa zote alizofungua kwa miaka kumi na tano alizifunga bila alama. Mteja akimsifu, hujibu kwamba huo ni mkono wa mzee.

Kwa hiyo Jumanne, alipokifungua kichwa cha treni na kukuta kwenye ubavu wa ndani R 10/68, moyo wake ulijaa. Aliigusa ile herufi. Kisha akaitazama mashine, na kwa dakika kadhaa alisahau hata baba yake, kwa jinsi ilivyopangwa: magurudumu manne ya meno yanapokezana bila kugombana, na katikati yao kamani, ule utepe wa chuma unaojikunja ukitiwa ufunguo na kujikunjua ukiendesha. Hapakuwa na kipande cha ziada. Ungeondoa kimoja, vyote vingesimama. Kokuberwa amefungua saa za mabwana wakubwa zisizo na akili hiyo.

Kamani ilikuwa imekatika pale kwenye tundu la ncha ya ndani, linaloshika mhimili. Akaweka lenzi jichoni. Tundu halikuwa la kiwandani, lilikuwa la mkono, kazi ya baba yake. Na pale pa mkatiko chuma kilionyesha chembe za kijivu, kavu, kama chumvi ya mawe. Akaitoa lenzi, akaifuta, akairudisha. Chembe zilikuwa palepale.

Kila fundi saa anajua jambo hili, na kila siku anawaambia wateja wasioamini: kamani haikatiki kwa kujazwa. Ikijaa inakataa, basi, ufunguo haupiti. Kamani yenye chembe ni kamani iliyopashwa moto ili itobolewe, kisha ikazamishwa majini ikiwa nyekundu. Ikipoa taratibu inabaki laini, inakunjika. Ikizimwa majini inakuwa ngumu na dhaifu kama bisikuti. Itakaa siku moja, itakaa mbili, kisha itakatika mkononi mwa yeyote atakayekuwa ameshika ufunguo.

Akakumbuka kikombe. Alikuwa na miaka kumi na saba, ndiyo kwanza anajifunza, amepasha ncha ya kamani na anainyoosha kwenye kikombe cha maji. Baba yake, mtu asiyepandisha sauti hata na wadeni, alikipiga kikombe kikaruka mpaka barabarani, akatoka, hakurudi hadi magharibi. Siku zote Kokuberwa alidhani baba alikuwa na hasira na uzembe wake. Babu yake kule Bukoba, baba wa Revelian, alikuwa mhunzi. Majembe yake aliyazima majini, yakapata makali, na Revelian alikulia pembeni ya moto ule. Akiwa na miaka ishirini na minne, peke yake katika mji mgeni, aliitendea kamani kama alivyoona jembe likitendewa. Hilo ni kosa la kijana, linasameheka. Lililofuata ndilo lililomkaa Kokuberwa kooni: mwenye duka kaja na treni imekufa, na fundi, kwa kuogopa kukosa jina kabla hajalipata, akamtupia kosa mtoto wa watu.

Aliamua kunyamaza. Marehemu hasemwi, na ubao uko nje una jina lake, na chini ya jina hilo anakula yeye. Yaliyopita si ndwele, alijiambia, huku akijua wazi kwamba yuko mtu ambaye kwake bado ni ndwele. Akaikata ile ncha mbovu, akapasha inayofuata mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye bakuli la majivu, akaiacha ipoe kwa hiari yake. Kazi ilikuwa ileile, kwenye utepe uleule, pungufu ya ukucha mmoja. Akatoboa tundu, akalilainisha kwa tupa, akaosha magurudumu kwa mafuta ya taa. Alipolitia tone la mwisho la mafuta akajaribu ufunguo, na treni ikanguruma mkononi mwake kama paka. Hakufurahi alivyotarajia.

Alhamisi alikuwa akisafisha mabehewa. La tatu lilikuwa jepesi kidogo kuliko wenzake, na kwa muda mrefu alilistaajabia tu, maana lilikuwa zuri kupita yote. Kwenye yale mawili milango ilichorwa. Kwenye hili ilifunguka, milango sita, kila mmoja na bawaba ya pini. Ndani palikuwa na viti vya mbao za kiberiti vilivyopangwa safu kwa safu. Mistari ya dhahabu ilikwenda sawa na ya Waingereza wenyewe. Kisha akaona pembeni, rangi ilipobanduka, sehemu ya herufi kubwa nyekundu, na akaijua: debe la mafuta ya kupikia. Akageuza aone lehemu ya maungio. Ilikuwa nyembamba, imetambaa bila tone hata moja kudondoka. Lehemu ile aliijua kama anavyoujua mwandiko wa mtu wa nyumbani. Mzee wa mtandaoni hakuwa amechanganya kitu.

Paa lilishikwa na ndimi nne za bati zilizokunjwa chini ya sakafu. Ulimi wa bati una hesabu yake: hukunjwa mara moja, hukunjuliwa, na ukikunjwa tena aghalabu hukatika. Hizi zilikuwa zimekunjwa mara moja tu. Kokuberwa alijua anachohatarisha. Akazipasha kidogo, akazikunjua moja moja akiwa amebana pumzi, akainua paa, akaligeuza. Upande wa ndani, kwa sindano, palikuwa pameandikwa: Mtoto hakukosa. Kamani niliizima majini. R 11/68.

Aliisoma mara tatu. Kisha akakasirika, akakasirika kwelikweli, akaongea kwa sauti ndani ya kibanda chenye pazia. "Umemwandikia nani, Baba? Bati?" Mwezi mzima alikaa akikata madirisha, akichora mistari, akitengeneza bawaba ndogo kuliko punje ya mchele, yote hayo kwa sababu ulimi ulikuwa mzito kusema maneno matano dukani kwa Mzee Khalil. Na alipoyasema, aliyasema mahali ambapo fundi tu angeyasoma. Kokuberwa akalia kidogo. Akalitazama tena behewa, ile milango, vile viti ambavyo hakuna mtu angeviona, na hasira yote haikutosha kumzuia asilione zuri. Hakujua kwamba inawezekana kumwonea mtu fahari na haya kwa wakati mmoja. Paa hakulirudisha.

Jumapili baada ya chakula, sebule ya Mzee Zahor ilikuwa imeondolewa meza, na reli zimetandazwa duara juu ya zulia. Mzee Zahor alikuwa mtu wa miaka sabini, mpana, mcheshi. Alimkaribisha fundi kwa heshima, akawaambia wote kwamba huyu ndiye binti wa yule Revelian, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Watu wakacheka kwa wema. Bi Khulud alikuwa amekaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mwanamke mwembamba mwenye uso mtulivu, mikono ameificha chini ya mtandio. Kokuberwa alimwamkia, na Bi Khulud akaitikia marahaba bila kuitoa mikono.

Treni ikawekwa kwenye reli na mabehewa yakaungwa, la tatu likiwa wazi juu. Mzee Zahor akaunyanyua ufunguo, akatangaza kwamba Mkono wa Chuma asogee nyuma hatua tatu, serikali imeagiza. Vicheko vikapanda. Bi Khulud naye alitabasamu, lile tabasamu la mtu aliyelifanyia mazoezi. Kokuberwa alilitazama akaona hawezi kulivumilia tena.

"Mzee Zahor, naomba uusubirishe ufunguo," alisema. "Baba yangu alisema mtoto alizidisha. Alisema uongo. Mtoto hakuzidisha kitu."

  Kokuberwa akatoa paa la behewa kwenye mkoba, akampelekea Bi Khulud. Bi Khulud alilitazama lile bati lililonyooshwa mbele yake, kisha polepole akatoa mkono mmoja, halafu wa pili, akalipokea kwa yote miwili. Hakuwa na miwani. Akamwita kaka yake.

"Nisomee," alisema.

Mzee Zahor akasogea kwenye mwanga wa dirisha. Alianza kusoma kwa sauti ile ya kutania, akalimaliza neno la pili kwa sauti nyingine, na yaliyobaki aliyasoma taratibu kama mtoto wa chekechea.  Alipofika kwenye tarehe alisema behewa lile analikumbuka, fundi alilileta mwenyewe dukani, akasema ni la mtoto wa kike. Baba yao alilipokea, akalitia sandukuni pamoja na mengine, akafunga. Alisema hayo akiwa analitazama zulia, na hakumwita dada yake jina lolote la utani.

"Nilihesabu," alisema Bi Khulud. "Niliuzungusha ufunguo mara kumi na moja. Miaka yote hii nimekuwa nikijiuliza, labda ningeacha kwenye ya kumi."

Kokuberwa akauchukua ufunguo kwa Mzee Zahor, akaukalisha kwenye kiganja cha yule mwanamke. Bi Khulud alipiga magoti kwenye zulia, Thuraya akimshika kiwiko, kisha akamwachia. Ufunguo ukaingia. Alizungusha akihesabu midomoni bila sauti, na kila mtu sebuleni alihesabu pamoja naye. Kwenye ya kumi na moja mkono ukasimama. 

"Endelea, Bi mkubwa," alisema Kokuberwa. "Itakataa yenyewe."

Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kwenye ya kumi na nne ufunguo uligoma kabisa, na Bi Khulud akauinua uso, akamtazama fundi kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyejibiwa. Kisha akalisukuma komeo dogo, treni ikaondoka. Ilizunguka ikigongagonga maungio ya reli, kijani mbele, damu ya mzee nyuma, na mwishoni lile behewa la debe la mafuta, viti vyake wazi, likiyumba kidogo kwenye kona na kurudi mstarini. Watu wazima kumi na wawili waliitazama mpaka ikachoka. Thuraya alikuwa akifuta macho kwa ncha ya shela.

Kokuberwa alilichukua behewa alifunge. Akaeleza, kwa sababu sasa hakutaka kuficha kitu, kwamba ndimi zile zimekwisha kunjuliwa, na zikikunjwa tena huenda zikakatika. Bi Khulud alikuwa amelishika paa bado, akipitisha kidole juu ya maandishi.

"Wewe umeandika wapi?" aliuliza.

"Sijaandika. Sijawahi."

Bi Khulud akampa lile bati na kusubiri. Sindano ilikuwa mkobani, mahali ilipokaa siku zote. Kokuberwa aliketi palepale sakafuni, akaliweka bati juu ya goti, na chini ya mstari wa baba yake akachora, polepole, alama yake ya kwanza na tarehe. Mzee Zahor alinyoosha shingo aone ameandika nini, lakini paa lilikuwa limekwisha geuzwa na kuwekwa mahali pake. Kokuberwa akashika koleo, akasita, kisha akalirudisha mkobani, akamsogezea Bi Khulud behewa.

Bi Khulud alizikunja kwa vidole vyake, ndimi zote nne, moja baada ya nyingine. Hakuna uliokatika.